Jozi Kumi na Moja za Viatu, Glavu Hakuna

Nianze na aibu yenyewe, tusizungushane. Siku mke wangu alipokuwa anazaa mtoto wetu wa kwanza, niliingia wodi ya wazazi kule Mbale nimetanua kifua kama bwana harusi. Nesi akafungua begi nililoleta, mbele ya kila mtu, na ndani akatoa jozi kumi na moja za viatu vya mtoto. Kumi na moja. Glavu hakuna, wembe hakuna, pamba hakuna. Kulikuwa na koti la barafu lenye manyoya kwenye kofia, kwa sababu huwezi kujua, labda wiki ile theluji ingeamua kuanguka Mbale. Mke wangu amelala pale ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, na mimi, badala ya kukimbia, nikatania. Watu wakacheka. Hapo ndipo nilipoharibu nyumba yangu, na niliiharibu nikiwa natabasamu.

Kazi yangu ni viatu vya mitumba, sokoni Jinja. Belo likifunguliwa tunaruka juu yake kama kuku kwenye mahindi, kila mtu anavuta vya kwake. Mimi nina jicho. Nikiangalia soli najua mwenye kiatu alikuwa anatembea vipi, kama alikuwa mnene, kama alikuwa na haraka. Shule niliishia sekondari mwaka wa pili, lakini kwa soli nina digrii.

Basi mke wangu aliponiambia ana mimba, jicho langu likahamia kwenye viatu vidogo. Kila belo likifunguka natafuta vile safi kabisa, ambavyo havijawahi kukanyaga lami. Nikipata jozi nainua juu, natangazia soko zima: "Hivi ni vya mkubwa wangu! Akizaliwa tu anakuja kunikagua!" Wenzangu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Jirani yangu wa meza, mama mmoja anayeuza shuka na mapazia, rafiki yangu wa miaka mingi, alikuwa anafuta machozi kwa shuka ya kuuza. Ndivyo nilivyopata kumi na moja. Kila kicheko, jozi.

Sasa nieleze habari ya mama mkwe, maana bila yeye hamtaelewa.

Mke wangu ni mtu wa Mbale, mama yake anakaa Namakwekwe, mtaa wa huko huko. Mimi baba yangu alikuwa askari wa magereza, mtu wa kaskazini, na mama yangu ni wa kabila lingine kabisa. Kiswahili kikawa lugha ya nyumba yetu kwa sababu ndiyo peke yake ambayo wote wawili waliweza kugombana nayo. Mimi naota kwa Kiswahili. Lakini kwa mama mkwe wangu, Kiswahili ni lugha ya watu waliokuja kuvunja mlango. Enzi za wanajeshi, akiwa msichana, waliwatoa nje ya nyumba yao wakawalaza chini kwenye tope, na amri zote zilikuwa kwa Kiswahili. Halafu binti yake, katika wanaume wote wa Uganda, akamletea mimi.

Na kuna mila. Kule kwao, kama kwa makabila mengi ya huku, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mkono, hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Ukimletea sukari unaweka chini, unarudi nyuma, yeye anakuja anaokota. Akitaka kukuambia jambo anamwambia mtu mwingine huku wewe unasikia. Ni heshima. Mimi nilikuwa nafurahia mila hiyo, kwa sababu mtu asiyeruhusiwa kukuangalia hawezi kukuangalia vibaya. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Mimba ilipofika mwezi wa nane mke wangu akatoka chumba chetu cha Bugembe, nje kidogo ya Jinja, akaenda kwa mama yake, maana mtoto wa kwanza anazaliwa karibu na bibi. Siku nilipomfikisha, mama mkwe alikaa mlangoni ametazama migomba, akamwambia binti yake kwa sauti ya kunifikia mimi kwenye benchi, mke wangu akawa ananitafsiria:

"Mama anasema, vitu vya hospitali mwanamume atanunua mwenyewe. Yeye anaweza kununua hapa sokoni dakika kumi, lakini hatanunua hata pini. Ukileta vyote, mtoto akitimiza mwezi atanifungia mizigo yeye mwenyewe nirudi Bugembe na mtoto."

"Na nisipoleta?"

Mke wangu hakuhitaji kumuuliza mama yake. "Usipoleta, anasema basi atajua amempa nani binti yake, na mtoto hatoki hapa."

"Mwambie mama, mimi nitaleta mpaka daktari."

Hakutafsiri hiyo.

Akanipa karatasi ya daftari aliyoandika mwenyewe, vitu alivyotajiwa kliniki. Naikumbuka mpaka leo: nailoni nyeusi ya kutandika kitandani, ile tunayoita kavera, meta mbili. Glavu. Pamba kubwa. Wembe mpya. Uzi wa kufungia kitovu. Sabuni. Beseni. Shuka safi za zamani za kumfunika mtoto, laini.

Nilisoma karatasi hiyo kwenye meza yangu ya viatu nikaona imekosewa. Nailoni, wembe, uzi: hii ni orodha ya mtu anayekwenda kufungasha mizigo, siyo kuzaa. Na glavu! Hospitali ni ya serikali. Nani anakwenda gereji amebeba spana yake? Nikasema huyu mke wangu ni mwoga, kliniki walitaja vitu vya akiba, vya wale wanaojifungulia njiani. Sikumuuliza mtu. Mwanamume anaanzaje kuuliza, samahani, uzi wa kitovu unakuwaje? Nikakunja karatasi nikaweka kwenye mfuko wa suruali ya kazi, nikanunua beseni peke yake, kwa sababu beseni linaonekana. Beseni ukibeba njiani kila mtu anajua wewe ni baba. Tena lilikuwa na picha ya samaki.

Mke wangu anapiga simu: "Umenunua?"

"Nimenunua kila kitu. Mpaka vingine ambavyo hukuandika."

"Kweli, bwana? Usinitanie."

"Haki ya Mungu. Begi limegoma kufunga."

Hapo sikudanganya. Begi kweli liligoma.

Uchungu ulianza mapema wiki moja, asubuhi ya siku ya kazi. Nikaacha meza kwa jirani yangu wa mapazia, nikapitia nyumbani kuchukua begi na beseni, nikabadilisha suruali ili nikutane na mwanangu nikiwa msafi. Saa nane mchana nilikuwa Namakwekwe. Mke wangu alikuwa amesimama ameshika ukuta, anapumua kama mtu aliyepanda mlima. Mama mkwe amevaa gomesi, lile gauni lao refu la heshima, tayari kwa safari. Nikafanya adabu yote: nikaweka begi chini, nikarudi nyuma hatua nne, nikatazama pembeni. Akaja akalishika. Lilikuwa zito. Kwa kona ya jicho nilimwona anatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesema, kumbe. Kumbe ni mtu.

Hakulifungua. Mzigo wa mkwe huupekui mbele yake. Akalibeba mwenyewe mpaka kwenye gari tulilokodi, akalipakata mapajani njia yote kama tayari ni mjukuu.

Nimefikiria sana zile dakika ishirini za barabara. Ndizo dakika ishirini pekee katika maisha yangu ambazo mama mkwe wangu aliniheshimu.

Wodi ilijaa. Vitanda vinakaribiana, na kwenye kitanda cha pembeni alikuwepo mama mmoja mnene anasubiri zamu yake, vitu vyake vimepangwa kwenye beseni vizuri kama duka. Nesi, mwanamke mfupi anayetembea haraka, akampima mke wangu, akasema, "Huyu hayuko mbali. Vitu viko wapi?"

Mama mkwe akaweka begi kitandani kwa fahari, nesi akavuta zipu.

Akatoa jozi ya kwanza, nyeupe. Akaweka pembeni. Jozi ya pili, vyenye taa zinazowaka ukikanyaga. Zikawaka. Ya tatu, ya nne. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa buti. Akatoa koti la barafu. Akatoa jezi ya mpira yenye namba tisa mgongoni. Wodi ikaanza kunyamaza, kitanda kwa kitanda.

"Glavu?" nesi akauliza.

Akapapasa pembe zote za begi.

"Kavera? Pamba?" Akageuza begi chini juu, zikaanguka soksi. Akaniangalia. "Baba, hii ni nini?"

Mimi mtu akiniangalia hivyo, na watu wengine wamenyamaza, kuna kitu ndani yangu kinaruka chenyewe. Tangu utoto. Baba yangu akivua mkanda, mimi nasema kitu cha kuchekesha, mara nyingine mkanda unarudi kiunoni. Sijitetei. Nasema tu kilivyo. Nikasema:

"Sista, huyo mtoto hana muda wa kukaa hapa. Anatoka, anavaa viatu, anakwenda kazini."

Wodi ikapasuka. Wanawake wenye uchungu wanacheka wameshika matumbo, mmoja analia, "Mtoe huyu, ataniua!" Hata nesi aligeuza uso ukutani, mabega yanatikisika. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia raha. Sekunde mbili, tatu hivi. Kama sokoni.

Halafu nikamwona mke wangu. Alikuwa hacheki. Alikuwa ananitazama tu, jasho linamwingia machoni na hapangusi, ananitazama kama mtu unayemwona ng'ambo ya mto.

Na mama mkwe alikuwa amesimama na kiatu kimoja mkononi, kimoja tu, kidogo. Wanawake wa huku hawamnunulii mtoto nguo kabla hajafika, ni kuita mkosi, na mimi nilikuwa nimeleta viatu. Akamwambia nesi kwa lugha yao, polepole. Lugha yao naisikia kidogo. Alisema: "Mtoto hajaingia duniani, na huyu amekwisha kumvalisha aondoke."

Halafu akanigeukia, akanitazama usoni, macho kwa macho, jambo ambalo halifanyiki. Akaongea na mimi Kiswahili. Miaka mitatu sikuwahi kumsikia akitamka neno moja la Kiswahili. Alikuwa nacho. Alikuwa nacho chote, kama walivyomwachia wale wanajeshi.

"Wewe! Toka! Mbio! Leta glavu! Mbio!"

Kwa sauti ile ile waliyomtoa nayo yeye. Nilitoka mbio.

Mbele ya geti kuna maduka ya dawa yamejipanga, kila moja lina foleni. Nikaingia la kwanza nikasema, "Glavu!"

"Glavu zipi?" dada wa duka akauliza. "Za kawaida au za kuzalisha? Ngapi?"

Nikaweka mkono mfukoni nitoe karatasi. Karatasi ilikuwa Bugembe, kwenye suruali chafu.

"Dada, sijui. Mke wangu anazaa. Nipe vitu vya kuzaa."

Hakushangaa hata kidogo. Akavuta mfuko mmoja chini ya meza umefungwa tayari, vyote ndani, mpaka uzi. "Nyie wote mnakuja hapa mnakimbia," alisema. "Miezi tisa mnakaa wapi?"

Mwanzoni nilitaka kumjibu kwa utani. Lakini pumzi haikuwepo.

Nilirudi nikakuta pazia limevutwa, na nyuma ya pazia nikasikia mtu mdogo sana amekasirika sana. Mtoto alikuwa amekwisha kufika. Yule mama mnene wa kitanda cha pembeni, bila kuombwa, alikuwa amesukuma beseni lake kwa mguu akasema, "Chukueni vyangu, mimi bado." Mwanangu alizaliwa juu ya kavera ya mtu tusiyemjua, akapokewa na glavu za mtu tusiyemjua, kitovu kikafungwa kwa uzi wake. Vitu nilivyokimbilia mimi, nesi alivipokea akampelekea yule mama, na nusu saa baadaye vikazaa mtoto wa watu. Wa kiume, kilo nne. Baba yake alikuja akanishukuru, akanishika mkono kwa nguvu. Nikamwambia karibu.

Wangu alikuwa wa kike. Mama mkwe alimfunga kwenye kitenge chake mwenyewe, akakaa naye kitandani pembeni ya binti yake. Nilisimama mlangoni. Mnakumbuka mila. Mama mkwe akishika kitu, mkwe hasogei mpaka kiwekwe chini. Nilisubiri amweke chini. Alimshikilia. Nesi alipita, akatabasamu, "Baba, mbona huji kumwona?" na mimi nikasema nakuja. Mama mkwe hakunitazama tena, alikuwa amerudi kwenye heshima yote, macho chini, mwanamke wa mila kabisa, na mtoto hakumweka chini mpaka jioni saa za wageni zilipoisha. Nilimwona mwanangu siku ya kwanza kwa umbali wa hatua sita. Niliona kitenge na sikio moja.

Mwezi ukaisha. Mizigo haikufungwa. Nilikuwa nakwenda Mbale kila Jumapili na sabuni, na nepi za kitambaa, na shuka laini ambazo jirani yangu wa sokoni alinichagulia, naweka chini, narudi nyuma, nakaa kwenye benchi. Mke wangu anatoka na mtoto, ananipa nimshike muda kidogo, anamchukua. Jumapili ya tano nikamuuliza.

"Mama bado amekasirika habari ya glavu?"

"Mama hakasiriki na glavu." Alikuwa anakunja nepi, hakuinua kichwa. "Wanaume wengi wanasahau glavu. Hata mimi sikukasirika. Nilisema moyoni, masikini, hakujua."

"Basi ni nini? Twende nyumbani."

"Nilikuwa naogopa nakufa," alisema. "Pale kitandani. Nilikuangalia wewe ili nione uso wa mtu anayenijua. Na wewe ulikuwa unaangalia wengine, kama wanacheka."

Nikafungua mdomo. Naapa, nilitaka kusema nisamehe. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshika mguu wa mtoto, kidole kimoja kidogo kinanisukuma, na kile kitu cha ndani kikaruka chenyewe, nikasema, "Lakini si unakubali utani ulikuwa mzuri?"

Akamaliza kukunja nepi. Akamchukua mtoto mikononi mwangu, taratibu, bila hasira, akaingia ndani. Nikasikia anaongea na mama yake kwa lugha yao. Halafu hakuna aliyetoka. Nilikaa mpaka kuku wakaanza kuingia bandani, nikaondoka.

Sasa mtoto ana miezi saba. Amekaa mwenyewe, ameanza kutambaa, na habari hizo nazipata kwa simu. Anazoea Kigisu, lugha ya mama yake. Anaitikia jina alilopewa na bibi yake. Nikienda ananitazama kama mtu wa kukusanya kodi ya nyumba. Mke wangu amepata kazi kwenye duka la vitambaa, na safari ya mwisho alinieleza vizuri kabisa, kwa upole, kwamba Bugembe harudi. Viatu alinirudishia, vimepanguswa, kwenye begi lile lile. Nikaviuza. Viliisha siku moja. Nina jicho.

Siku hiyo hiyo, soko linafungwa, nilimsimulia jirani yangu wa mapazia jambo zima kutoka mwanzo, na nilisimulia vizuri: nikaiga nesi, nikaiga mama mkwe, "Wewe! Toka! Mbio!" Nilikuwa nasubiri afute machozi kwa shuka. Hakucheka. Alikuwa anakunja mapazia yake, moja moja.

"Mimi nimezaa mara nne," alisema mwishowe. "Kila ulipokuwa unainua kiatu hapa, nilikuwa najua huna glavu. Kila jozi nilijua."

"Dada! Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie saa ngapi, ndugu yangu? Siku nzima unachekesha. Mtu akitaka kukuambia jambo la kweli, anaanzia wapi?"